Asiyepanda Ghorofa

Fundi baiskeli alianguka asubuhi, mbele ya kibanda chake cha kazi, akiwa ameshika gurudumu la mteja. Hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, akajikunja, akashika kinena kwa mikono miwili, na jasho likaanza kumtiririka kabla jua halijakolea. Mteja alidhani mzee anatafuta nati iliyodondoka. Alipoyaona macho yake ndipo alipokimbia kumwita mkewe.

Walimbeba hadi ndani wakamlaza kwenye godoro. Godoro lilikuwa sakafuni, kama lilivyokuwa tangu fundi na mkewe waoane, maana nyumba ile haikuwa na kitanda. Kulikuwa na kiti kimoja tu chenye miguu, cha wageni, na mwenye nyumba hakuwahi kukikalia. Yeye alikalia matofali aliyoyajenga mwenyewe kwa saruji pembeni ya mlango, yakashikamana na sakafu kama jino na ufizi.

Mtaani walimwita Mzee Ardhi. Tangu ujana wake aliamini jambo moja, na hakulibadili kwa hoja wala kwa kicheko: kwamba mtu hapaswi kuwa mahali ambapo chini yake pana uwazi. Chini ya nyayo pawe na ardhi, na chini ya ardhi hiyo pawe na ardhi nyingine, mpaka mwisho wake. Kwa hiyo hakupanda ghorofa, hakuvuka daraja, hakuingia kwenye gari, hakulala kitandani. Alitengeneza baiskeli za mtaa mzima na hakuna aliyewahi kumwona juu ya baiskeli. Akitaka kuijaribu, aliikokota mbio kwenda na kurudi kama mtu aliyemkamata ndama mtoro. Watu walimtafutia sababu, wakasema lazima aliwahi kuanguka utotoni. Hakuwahi kuanguka. Aliliona jambo hilo kuwa kweli, kama wengine wanavyoona kuwa moto unaunguza, akaliishi.

"Mzee, na siku ukifa?" wateja walimtania. "Jeneza nalo si lina uwazi chini?"

"Hapo nitakuwa safarini kwenda chini zaidi," alijibu huku akikaza mnyororo. "Msiwe na wasiwasi na mimi."

Tabibu wa zahanati ya jirani alikuja na mkoba wake, akamminya fundi tumboni, akaguna. Kisha akamwita mke pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia.

"Ni ngiri, mama. Utumbo umeshuka ukabanwa. Asipopasuliwa leo utaoza, na ukioza hatuna tena cha kufanya. Hospitali kubwa. Sasa hivi."

Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto, na vyumba vyake vya upasuaji vilikuwa juu. Hakuna aliyelitaja hilo, na hakukuwa na haja.

* * *

Watoto wao wawili walifika karibu kwa pamoja. Binti, karani wa kampuni ya bima, alikuja na viatu vya ofisini na kitambulisho bado kikining'inia shingoni. Mdogo wake, dereva wa teksi, aliegesha gari mlangoni, akaacha injini ikinguruma.

"Baba, twende hospitali," binti alisema akipiga magoti.

"Nitakwenda," fundi alijibu kwa shida. "Kwa miguu."

"Kusimama tu huwezi!"

"Basi mniletee daktari hapa."

"Daktari wa kupasua watu hatembei na chumba chake mfukoni, baba."

"Basi nitabaki." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekataa kijiko cha pili cha sukari. "Mwanangu, usinitazame hivyo. Watu hubaki."

Binti aliinuka. Akawashika mama na mdogo wake mikono, akawatoa hadi nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Pale, katikati ya mashuka yanayochuruzika maji, alisema alichokwisha kukipanga akiwa njiani. Tabibu ana sindano ya kulaza. Mzee akilala, wanampakia garini. Akiamka, atakuwa ameshapasuliwa.

"Hatakubali sindano," alisema dereva.

"Akiambiwa ni ya maumivu atakubali. Akiambiwa na mama."

Mama alishika shuka kana kwamba upepo ungelichukua, na upepo haukuwepo. "Ataniuliza," alisema. "Siku zote huniuliza mimi."

"Ndiyo maana nasema wewe."

"Sijawahi kumdanganya huyu mtu hata bei ya nyanya."

"Mama," binti alisema, "unataka kuwa mkweli, au unataka kuwa na mume?"

Swali lile lilikuwa kali kuliko alivyokusudia, lakini hakulirudisha. Mama aliliachia shuka, akajifuta mikono kwenye nguo yake, akatangulia kuingia ndani.

Tabibu naye alisita. Alinong'ona kwamba mgonjwa ana akili zake timamu na amekataa kwa kinywa chake. Binti akamwambia kwamba mtu mwenye maumivu yale hajui anachosema, na tabibu, aliyekuwa na umri wa mdogo wake, akaangalia chini, akafungua mkoba.

"Ya nini hiyo?" fundi aliuliza alipoiona sindano.

"Ya maumivu, mzee."

Fundi alimgeukia mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya godoro akimshika mguu. "Mke wangu. Ni ya maumivu tu?"

"Ya maumivu tu."

"Hainilazi?"

"Haikulazi, baba watoto."

Akanyoosha mkono. Dawa ilipoanza kumvuta alijaribu kusema neno, ulimi ukawa mzito, na macho yake yakabaki kwa mkewe mpaka yakajifumba yenyewe. Mama hakuyakwepa. Alijilazimisha kuyaangalia, kwa kuwa aliona hilo ndilo dogo alilobaki nalo la kumpa.

Dereva alikuwa amengoja miaka mingi siku ambayo baba yake angeingia kwenye gari lake. Aliwahi kuiota: mzee ameketi mbele, dirisha limeshushwa, yeye akimwonyesha mji. Sasa baba alilazwa kiti cha nyuma kama gunia, kichwa mapajani mwa mama, mdomo wazi. Walipofika darajani dereva alipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Kisha akakanyaga mafuta, akavuka kama mwizi.

Hospitalini daktari wa upasuaji, mama wa makamo mwenye haraka, aliuliza swali moja akiwa anavaa kofia. "Mgonjwa mwenyewe amekubali?"

"Amekubali," alisema binti.

* * *

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumzia mazishi, na binti aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika risiti. Kila dhamiri ilipomsuta, aliyatoa akayasoma upya.

Fundi aliamka mchana wa siku ya pili. Alipapasa ukingo wa kitanda, akagusa chuma, akashusha mkono hadi ukaishia hewani. Akatulia.

"Chini yangu kuna nini?" aliuliza.

Binti ndiye aliyekuwa karibu. Pazia la dirisha alikuwa ameshalifunga. "Kitanda tu, baba, hakuna namna, ndicho cha hospitali. Lakini tupo chini. Chini kabisa. Nje ya ukuta huu kuna bustani."

"Nimekujaje?"

"Ulizimia. Tukakubeba kwa machela, kwa miguu."

"Na mto?"

"Kuna hospitali mpya upande wetu, baba. Hukuijua."

Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka kirahisi, mmoja ukimvuta mwenzake kwa mkono kama watoto wakitoka shule. Fundi alifikiri kwa muda. Kisha akasema, "Mmehangaika sana," akamshika mkono, akamshukuru. Binti alikwenda chooni akafungua bomba ili asisikike.

Muuguzi wa wodi alipoombwa asaidie kuficha, alikunja uso. "Dada, sisi hatudanganyi wagonjwa."

"Sisemi umdanganye. Nasema usimwambie."

"Hayo ni mapacha," alisema muuguzi. Lakini alikubali kunyamaza, akasema ananyamaza kwa ajili ya kidonda, si kwa ajili yao.

Siku zilizofuata familia ilikuwa na furaha ya ajabu, ya watu waliofukia kitu na kupanda maua juu yake. Mama alileta uji, dereva alileta machungwa, binti alihakikisha pazia halifunguki. Fundi alianza kutembea kidogo akishikilia ukuta. Alikanyaga kwa tahadhari, akasema sakafu ya huku ina mwangwi. Mama akasema ni vigae. Fundi akasema labda.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikuwa na urefu hata wa wodi. Kitanda cha pili aliletwa mwashi aliyevunjika mguu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alipoona wageni wa fundi wanaingia wakihema, alicheka. "Poleni! Lifti imekufa tena? Mke wangu jana kaapa harudi. Anasema ghorofa tatu kwa ngazi, bora angoje nitoke. Lakini mandhari, mzee, hebu wafungue hilo pazia uone! Mto wote na daraja unaviona kama picha."

Mwashi alitazama uso huu na ule, akajua amekanyaga kitu asichokiona, akajifunika shuka.

Fundi hakumtazama binti wala dereva. "Mke wangu," alisema. "Tupo ghorofa ya ngapi?"

Mama aliweka bakuli la uji chini. "Ya tatu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ile sindano?"

"Nilijua, baba watoto. Ungekufa."

"Ningekufa," alikubali. Alisema bila kejeli, kama mtu anayekiri hesabu ni sahihi. Kisha akageukia ukuta. Mikono yake ilishika chuma cha kitanda pande zote mbili, ikabaki hivyo mpaka muda wa wageni ukaisha. Dereva, aliyekuwa amesimama miguuni pake, aliona vidole vya baba yake vimekuwa vyeupe kwenye viungo, akatamani apigwe. Kofi angejua jinsi ya kulipokea.

* * *

Siku ya kuruhusiwa, walijiandaa kwa vita. Dereva alikuwa ameazima mkokoteni, akaupakia juu ya gari, kwa ajili ya kumsukuma mzee popote atakapokubali. Hapakuwa na vita. Fundi alivaa shati lake, akamshukuru muuguzi, akashuka ngazi akishikilia mkono wa mkewe, akafungua mlango wa teksi mwenyewe. Mlango wa nyuma.

"Kaa mbele, baba," dereva alisema. "Nimekuwekea mto."

"Hapa panatosha."

Darajani alifumba macho na midomo yake ikasogea, lakini alipofika upande wa pili aliifungua mikono yake mapajani kama mtu aliyemaliza kazi. Gari liliposimama mlangoni, alishuka, akaegemea dirisha la dereva.

"Nauli kiasi gani?"

Dereva alicheka kidogo, kisha akaona kwamba uso wa baba haukuwa na mzaha wala dharau. Alikuwa anauliza kwa adabu, kama abiria yeyote anavyomuuliza mtu yeyote aliyemvusha.

"Baba, mimi ni mwanao."

"Najua. Nauliza kazi yako."

"Hakuna nauli."

"Ahsante," alisema fundi, akaingia ndani. Dereva alibaki ameshika usukani. Majirani waliokuja kumpa mzee pole walimkuta analia, wakampongeza kwa machozi ya furaha.

Mtaa ulisema Mzee Ardhi amepona maradhi mawili kwa kisu kimoja. Binti alinunua kitanda, akakileta kwa woga, na fundi akalala juu yake tangu siku ya kwanza. Alikalia benchi la mshonaji wa jirani na miguu yake ikaning'inia. Mshonaji, aliyekuwa amemcheka kwa miaka mingi, alifurahi kwanza, kisha akakosa raha. Alizoea kumchokoza na kujibiwa. Sasa alisema, "Mzee, leo unaning'inia kama popo," na fundi akasema, "Eeh," basi. Baada ya siku chache mshonaji aliliingiza benchi lake ndani, akidai linapigwa na jua.

Mama ndiye aliyeteseka kuliko wote, kwa kuwa mumewe hakuacha kuwa mwema kwake. Alimsalimu, alimsaidia kubeba maji, alikula chakula alichompikia na kumshukuru. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekoma. Hakumuuliza tena jambo lolote. Zamani alikuwa akimuuliza kama nyama imeiva, kama mteja yule anaaminika, kama mvua itanyesha. Sasa aliinusa nyama mwenyewe, akatoka nje kuangalia mawingu mwenyewe. Siku moja mama hakuvumilia.

"Nitukane," alimwambia.

"Kwa lipi? Umeniokoa."

"Basi niulize kitu. Chochote."

Fundi alimwangalia kwa huruma ya kweli, akafikiri, na mama akaona kwamba anatafuta swali kwa uaminifu na hapati.

* * *

Binti alikuwa akiishi ghorofa ya tatu katika jengo la wapangaji wengi. Baba yake hakuwahi kuingia humo. Alizoea kuja kila baada ya muda, akasimama uani karibu na mapipa ya taka, akaita kwa sauti, na wajukuu wakatoa vichwa dirishani kumpungia. Majirani nao walitoa vichwa. Binti alishuka kila mara upesi, akimkuta baba ameshika mfuko wa matunda, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Baba, usipige kelele hivyo." Kwa wakwe zake alisema mzee ana tatizo la magoti.

Jumapili moja mlango uligongwa, na binti alipofungua alimkuta baba kwenye kizingiti, peke yake. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, magoti yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

"Babu kapanda! Babu kapanda!" Wajukuu walimvamia, wakamvuta hadi dirishani wamwonyeshe wanavyoona dunia. Fundi alikwenda nao. Alishika ukingo, akaangalia chini kwenye mapipa.

"Kumbe mlikuwa mnaniona mdogo hivi," alisema.

Binti aliwatoa watoto, akawaambia wakacheze kwa jirani. Alimkalisha baba kwenye sofa, akapiga magoti mbele yake kama siku ile ya godoro, akayashika yale magoti ili yatulie. Hayakutulia.

"Baba. Bado unaamini?"

"Naamini."

"Hata sasa? Hata baada ya kulala kule na usidhurike?"

"Sikuwahi kusema mtu atadhurika. Nilisema hapaswi."

"Basi kwa nini unalala kitandani? Kwa nini umepanda huku? Nani amekulazimisha?"

Fundi alipumua. "Mwanangu, nimejua sasa kwamba mkitaka kunipandisha mtanipandisha. Nikiwa usingizini, nikiwa mgonjwa, siku yoyote. Sina mlango wa kuufunga. Basi nimeona bora nipande kwa miguu yangu."

Yale maneno ya daktari, yale ambayo binti alikuwa akiyatoa na kuyasoma kila usiku, aliyatafuta sasa akayakuta yamefutika. Alitaka kusema tulikuokoa. Ilikuwa kweli, na haikutoka.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," fundi aliendelea. "Mama yako sitaki kumuuliza, ataumia. Siku ile. Uliogopa nife, au uliona haya?"

Binti aliinamisha kichwa. Angeweza kusema niliogopa ufe, na angekuwa hajadanganya. Lakini alikumbuka kwamba alipokuwa akipanga ile sindano njiani, chini ya hofu yake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikifurahi kidogo, kikisema hatimaye, hatimaye atakuwa kama baba za watu.

"Yote mawili, baba."

"Lipi zaidi?"

"Siku ile, kifo." Machozi yalimdondokea baba kwenye viatu. "Miaka yote, haya."

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu. Aliweka kiganja chake kigumu juu ya nywele za bintiye, akakiacha pale. "Ahsante," alisema. "Hilo ndilo neno la kweli la kwanza uliloniambia tangu nilipougua. Sasa nisaidie nishuke. Nimechoka kuwa huku."

Walitoka wameshikana mikono. Ngazi ya kwanza fundi aliikanyaga, akasimama, akafumba macho. Milango ya majirani ilianza kufunguka mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa Jumapili watu wako nyumbani na mtu anayeshuka ngazi amefumba macho ni kitu cha kutazamwa. Mke wa shemeji yake, aliyeishi ghorofa ya pili, alitoka na taulo kichwani.

"Huyu si mzee wako wa magoti?" aliuliza, macho yakimcheka. "Kumbe anapanda siku hizi! Karibu kwetu, mzee, ukae kidogo kwenye baraza, upate upepo."

Binti alihisi mkono wa baba ukijikaza ndani ya wake. Zamani angejibu kwa kicheko, akampitisha haraka.

"Magoti yake ni mazima," alisema, kwa sauti iliyofika ghorofa ya chini. "Niliwadanganya. Baba yangu hapandi ghorofa. Haamini. Mimi ndiye niliyempandisha, alikataa nikampandisha. Tupisheni, tunashuka."

Mwanamke yule akarudi nyuma ukutani. Mtu fulani juu yao alicheka. Fundi alifungua macho, akamtazama bintiye kitambo, kisha akashusha mguu akitafuta ngazi iliyofuata.

"Hapa pana ukingo uliovunjika, au ni macho yangu?" alimuuliza.

"Pamevunjika, baba. Kanyaga upande wangu."

Akakanyaga upande wake.